Nani Kauza Wimbo wa Mlangoni?

Mkono wa Haula bado uko juu. Ninyi mlioshika roho tangu Ijumaa iliyopita, ishusheni kidogo, mnywe maji, kisha muishike tena, maana leo hapapumziki mtu.

"Zimeni hiyo koluna," Haula alisema pale dirishani. "Wimbo huo ni wangu."

Koluna, ile spika iliyokuwa ikiimba nje ya mlango, ikazimwa. Uwanjani kwa Bi Zainabo, pale Quionga, upande wa Msumbiji, hata wapishi waliacha kugonga miko.

Nje ya mlango yuko Twalha, bwana harusi, ndani ya kanzu mpya. Nyuma yake mama yake, Bi Mwanaasha, na msafara wa watu wa Mtwara waliovuka Ruvuma na vigelegele vyao. Ndani yuko bibi harusi, Alima, kafunikwa kitandani, haruhusiwi hata kukohoa. Na kati ya hao wawili kuna mlango uliofungwa, na Haula na kikundi chake cha tufo, ngoma yetu ya wanawake, wameuzingira kwa ndani kama askari wa mpakani.

Kama wewe ndio kwanza unaingia kwenye hadithi hii, pole, lakini sheria ya mlango ni fupi. Ndoa imeshafungwa msikitini, sawa, ila bwana harusi hapiti mpaka watu wake waimbe. Na wimbo wenyewe uwe haujawahi kuimbwa kwenye mlango mwingine wowote. Ukirudiwa, umemvisha bibi harusi nguo iliyovuliwa na mwenziwe. Na mtunzi wa ndani hawatungii watu wa nje. Mtunzi anayeuza pande mbili amekwisha, hataitwa tena hata kwenye khitima ya paka.

Sasa fikiri. Haula ni mtunzi wa ndani. Wimbo wake umetoka nje.

Umeshaona balaa lilipo. Haula hakuliona. Yeye na maringo yake alidhani akisema "ni wangu" watu watampa pole.

"Wako?" aliuliza Bi Zainabo, mama wa bibi harusi, kutoka barazani.

"Wangu. Niliutunga harusi ya Cadija, kule Palma. Siku ile nilikuwa upande wa bwana."

"Na leo umefikaje nje?"

Haula akaitazama koluna kule nje.

"Nakuuliza wewe, uliyekula kwangu wiki nzima unachaguliwa kichwa cha samaki. Wimbo wako umefikaje kwa hao?"

Kabla hajajibu, sauti ya Bi Mwanaasha ikapenya mlango. Mwanamke yule anauza sufuria soko zima la mpakani, sauti yake haihitaji koluna.

"Yaani sisi tumeletewa kiporo? Abdurrazaque. Abdurrazaque uko wapi? Wimbo huu umeununua kwa huyo mwanamke?"

Haya, mpisheni Abdurrazaque apite.

Abdurrazaque ni binamu wa bwana harusi. Alikwenda Maputo kutafuta licenciatura, shahada ya chuo kikuu, akarudi Palma na miwani. Licenciatura aliiacha nusu, miwani aliimaliza. Watu wanamwita Doutor, wengine kwa heshima, wengi kwa kuchoka kubishana. Ndiye baba wa Malenga.

Malenga ni kitu cha ndani ya telefone. Unakiambia unataka wimbo gani, kinakuimbia hapo hapo, na ngoma, na sauti ya mwanamke, na vigelegele vya watu wasiokuwepo. Jina la malenga wazee wetu walipewa wakishaota mvi kwa kutunga. Kidude hiki kilipewa kabla hakijatunga hata wimbo wa kuruka kamba.

"Tia Mwanaasha, shangazi yangu, sijanunua kwa mtu," Abdurrazaque alisema, na akacheka kile kicheko chake cha kumwelewesha mtoto. "Malenga katunga mwenyewe, asubuhi hii hii. Ni inteligência artificial, akili ya mashine. Wimbo mpya kabisa, dunia nzima haujaimbwa."

"Basi huyu anasema ni wake kwa nini?"

"Labda na yeye kachota kisima kile kile. Hizi ni nyimbo za jadi, tia. Za jadi hazina mwenyewe."

Mnamwona? Kwa maneno mawili Haula kawa mwizi wa wimbo wake.

"Jadi ni mimi?" Haula alisema. "Nina mvi wapi? Jadi gani imepaka hina jana?"

Wanawake ndani wakacheka. Kicheko kidogo, cha kuonja.

"Nyamazeni msikilize," akasema, na akaimba palepale, bila tari, bila mwitikio, mkono umeshika nondo ya dirisha:

*Hodi hodi mwenye nyumba,*
*mgeni hana haraka,*
*kaja na moyo wa pamba,*
*ukiugusa wawaka.*

Ubeti haujafika katikati, kina mama watatu waliokuwa Palma kwa Cadija walishaudaka wakawa wanaimba naye. Hawakuweza kujizuia. Ndivyo zilivyo nyimbo za Haula, zinakuingia mdomoni kama mbegu ya ukwaju.

"Sasa washeni hicho kidude."

Koluna ikawashwa. Sauti laini ya mwanamke, isiyo na kikohozi wala mate, ikaimba hodi hodi mwenye nyumba, mgeni hana haraka, *kaja na moyo wa chuma, ukiugusa wawaka.*

"Mmeona?" Abdurrazaque alifurahi kweli, maskini. "Kule pamba, huku chuma. Ni nyimbo mbili tofauti."

Uwanja ukamtazama.

"Chuma kinawaka kikiguswa?" aliuliza Bi Mwanaasha.

"Ni usanii, tia."

"Ni upuuzi. Nimeuza sufuria tangu sijaolewa, haijaniwakia hata moja."

Hapo msafara wake mwenyewe ukamcheka kijana. Ungedhani mambo yamemgeukia Abdurrazaque, na Haula naye alidhani hivyo, alishaanza kujifunga upya ushungi wake kwa raha. Wote wawili mlikosea.

Bi Zainabo alisogea dirishani polepole.

"Kwa hiyo ni wimbo wako kweli," akasema.

"Si nimesema?"

"Na wamebadili neno moja ili tusiujue."

"Ndiyo."

"Na neno hilo mlikubaliana wapi, Haula, kwako au kwao?"

Haula akauacha ushungi bila kuufunga. Kila alivyozidi kuthibitisha wimbo ni wake, ndivyo alivyozidi kujifunga kamba. Kama ni wake, kauuza. Kama hakuuza, si wake. Na nyuma kabisa, mama mmoja aliyekuwa amempa Haula kazi ya harusi ya mwanawe baada ya Idi alimwambia jirani yake, kwa sauti ya kusikika hadi jikoni, "Mie nitatafuta mwingine. Kuna yule wa Palma, haimbi vizuri lakini haimbi kotekote."

Msimu wa harusi ndio shamba la Haula. Maneno kama hayo yakilala usiku mmoja, asubuhi yameshavuka mto. Alijua lazima kijana aseme ulikotoka wimbo, na aseme leo, kabla mlango haujafunguliwa.

"Abdurrazaque mwanangu," akaita. Akisema mwanangu, jua matusi yako njiani. "Hicho kidude hakina masikio. Wimbo wangu kiliusikia wapi?"

"Tia Haula, hakikusikia hivyo unavyodhani. Kilijifunza. Unakipa mifano, nyimbo nyingi sana, kinazichambua, kinaelewa wimbo unavyokwenda. Kisha kinatunga wa kwake. Kama wewe tu. Wewe ulizaliwa unatunga? Si ulijifunza kwa mtu?"

Uwanja ukaguna. Hapo, nisiwadanganye, alipiga penyewe. Hata Bi Zainabo aliitikia kwa kichwa.

"Nilijifunza," Haula alisema. "Kwa marehemu Bi Saburi wa Rongui. Nimemtwangia, nimemchotea maji, nimemkanda miguu. Nikiimba ubeti wake kama ulivyo ananipiga mwiko wa mdomo, tema cha watu. Na siku ya kwanza kusimama mlangoni peke yangu nilikwenda kumwomba ruhusa, akanipa mbele ya watu. Mpaka leo sifungui mdomo bila kumtaja kwanza. Haya, sema. Kidude chako kilimkanda nani miguu?"

Mzee mmoja chini ya turubai alicheka mpaka akapigwa mgongo.

"Tia, nikiomba ruhusa kwa kila mwimbaji mmoja mmoja, Malenga hatakamilika maisha."

"Basi asikamilike."

Abdurrazaque akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Miwani ilikuwa safi.

"Sikiliza," akasema, na sasa ndiyo akapanda mimbari. "Mambo ya direitos de autor, haki za mtunzi, ni mazito. Sheria yenyewe haijamaliza kusema. Huko Ulaya, Amerika, mahakimu wanavutana mpaka kesho, wengine wanasema kufundishia mashine nyimbo za watu ni wizi, wengine wanasema ni kusoma tu. Wewe utajua kuliko mahakimu? Na nyimbo zako, então basi, umeziandikisha wapi? Una karatasi?"

"Mwanangu wa kwanza nilimwandikisha kwa conservatória ana miaka saba," Haula alisema. "Hiyo miaka saba alikuwa mtoto wa nani?"

Vigelegele ndani. Hata nje kimoja kiliponyoka, mwenyewe akakimeza kwa aibu.

Lakini vigelegele si ushahidi. Bi Zainabo hakupiga. Alikuwa amekaza uso kama mtu anayehesabu sahani, na mara akaachana na dirisha, akamwita shehe aliyekuwa anakunywa soda chini ya turubai na wazee wenzake.

"Shehe, mahakimu wa Ulaya hatuna nauli ya kuwangojea. Nyumba yangu imeingia mwizi au haikuingia. Chetezo kipo, ubani upo, na ninyi mpo. Tusomeeni Halbadiri."

Ah. Mngeuona uwanja.

Kuna watu wa kwetu hawaogopi polisi, hawaogopi mahakama, wanamjibu administrador wa wilaya mikono mifukoni. Lakini Halbadiri, kisomo kile cha kumwapiza mwizi asiyejulikana, kikitajwa tu, mtu anarudisha hata kijiko alichoazima mwaka juzi.

"Bi Zainabo, leo harusi," shehe alisema kwa upole.

"Mwizi hakungoja tumalize harusi, shehe."

"Tumsomee aliyeuza na aliyenunua?" shehe aliuliza.

"Aliyeuza, aliyenunua, na aliyekaa kimya. Haula, unakubali?"

"Naleta ubani mwenyewe," Haula alisema.

"Na wewe, Doutor?"

Abdurrazaque alicheka. Kicheko kilikuja kimepungua. "Tia Zainabo, jamani. Tuko na inteligência artificial, tunarudi kwenye ubani? Haya mambo yamepitwa na wakati."

"Vizuri. Yaliyopitwa na wakati hayatakudhuru."

"Sisemi yatanidhuru."

"Umesema hakuna kilichoibiwa. Umesema ni kujifunza. Sasa kama hakuna kilichoibiwa, kisomo kitamkosa mtu, kitarudi kwa Mola, na sisi tutakula pilau. Unatetemeka nini?"

"Sitetemeki."

"Telefone inatetemeka basi."

Na kweli ilikuwa inatetemeka mkononi mwake. Mwanamume huyu saa nzima kawaeleza watu wazima kwamba wizi haupo duniani, upo uchambuzi. Mahakimu wote aliowataja, hakuna hata mmoja aliyemsaidia mbele ya chetezo kisichowashwa bado. Shehe alishusha soda. Kijitabu kikatoka mfukoni. Hakikufunguliwa. Kilitoka tu.

"Nilipewa," Abdurrazaque alisema.

"Sema kwa sauti, Doutor, umesomea."

"Nilipewa. Sikuiba mimi. Nyimbo zile nilipewa zimerekodiwa, kwa hiari, na mtu wa ndani. Nikaziingiza Malenga ajifunze. Aliyenipa ndiye ajibu, si mimi."

Wapenzi, mnasoma vizuri? Binamu wa bwana harusi, msomi, mwenye maono ya kuipeleka tufo mbele, mtihani wa kwanza tu kaelekeza kidole kwenye mlango wa wanawake.

"Mtu gani wa ndani?" Haula akauliza.

Mle ndani, tari ilianguka sakafuni, ikazunguka, ikalala.

Ilikuwa tari ya Hafsa.

Hafsa mnamkumbuka, na kama humkumbuki ndiyo maisha yake hayo. Ni yule anayesimama nyuma ya Haula, bega la kushoto. Haula anaimba, Hafsa anaitikia. Wamekua pamoja, wamechezwa unyago pamoja, wameachika mwaka mmoja. Alikuwa ameshakaa chini, capulana, kanga aliyojifunga, imemvuka magoti na hajali.

"Msisome," akasema. "Ni mimi."

"Wewe nini?" Haula alisema.

"Niliyempa."

Sikilizeni, hata mie sikulitegemea hilo.

"Alinifuata mwaka jana," Hafsa alisema, akiongea na sakafu. "Anataka nyimbo zetu. Nikamwambia mwenyewe ni Haula. Akasema Haula ana maringo, ataringa mpaka tuzeeke."

Hilo hakuna aliyelipinga.

"Akasema ile sauti ya Malenga itakuwa sauti yangu. Atakayefungua telefone, awe Pemba, awe Nampula, mpaka Lisboa, atanisikia mie. Mie, si nyuma ya mtu."

"Kwa ajili ya hilo tu?"

"Kwako ni hilo tu." Hafsa akainua uso. "Naitikia tangu wasichana, Haula. Harusi zote hizi naitikia. Nilitaka mara moja tu na mie niitikiwe."

Wako waliolia hapo. Siwataji, walikuwa wamepaka wanja.

Haula angeweza kumshika mkono. Ilikuwa hatua moja. Lakini Haula ni Haula. Katika maneno yote yale alilisikia moja tu, kwamba jina lake limerudi. Alimruka Hafsa kama unavyoruka dimbwi, akatokea mlango wa uani, akazunguka nyumba mpaka mbele, akasimama barazani, mgongo kwenye mlango wa Alima, uso kwa watu.

"Sikuuza," akasema. "Nimeibiwa. Mmesikia?"

"Tumesikia," watu wakajibu.

"Bi Zainabo, umesikia?"

"Nimesikia. Nisamehe, mwanangu."

"Na wewe uliyekuwa unatafuta mtunzi mwingine?"

"Ulimi uliteleza, somo yangu," alisema yule mama wa harusi ya Idi. "Tarehe iko pale pale."

Angeishia hapo. Mie namwandika nikitamani angeishia hapo. Alishashinda, pilau inanukia, bwana harusi analoa jasho. Lakini ladha ya kushinda mbele ya watu ni kama ya korosho, huli moja.

"Abdurrazaque, njoo."

Akaja. Alikuja kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mwenye fimbo, telefone imebanwa kwapani.

"Sema mbele ya shehe. Vinavyotoka humo ni vya nani?"

"Tia, kitaalamu, ukiangalia namna mfumo unavyo..."

"Shehe, fungua kitabu."

"Ni vyako."

"Vingine au vyote?"

"Vyote, tia. Karibu vyote."

"Shehe."

"Vyote. Kila anachoimba Malenga ni chako."

"Basi na mie naweka neno langu." Haula akainua kidole, na akakizungusha taratibu ili kila mtu apate sehemu yake. "Kuanzia leo, kila kinachotoka kwenye kidude hiki, wanaume kwa wanawake wasikie, kimetoka kinywani mwangu. Asiniambie mtu ni jadi. Asiniambie mtu ni mashine. Ni mimi Haula binti Suleimane nimekitoa, na ni mimi wa kuulizwa. Shehe, wewe shahidi."

"Tumeshuhudia," shehe alisema.

Vigelegele vikapaa mpaka kuku wakatoka chini ya ghala. Na Bi Mwanaasha, ambaye uvumilivu wake ulikuwa umeungua chini kama wali, akapenya katikati.

"Mmemaliza? Nimefurahi kwa niaba yenu. Sasa mwanangu anayeyuka hapa. Mlango."

"Mlango hauna wimbo," Bi Zainabo alimkumbusha. "Mliouleta ni wa Cadija."

"Tutungieni basi. Haula mwenyewe si huyu?"

"Mie wa ndani, mama. Hayo ndiyo nimetoka kusingiziwa sasa hivi."

Twalha alimtazama binamu yake. Bwana harusi aliyelowa kanzu mpaka fulana inaonekana hana haja ya kusema.

"Nipeni nafasi nirekebishe," Abdurrazaque alisema. Kijana wa watu, bado alikuwa anatafuta heshima yake aliyoiangusha barazani. "Nitamwomba Malenga kwa makini safari hii. Si wa Cadija, si wa mtu. Vyote ni vya tia Haula, sawa, tumekubaliana, ila tupate ambao haujaimbwa mlangoni hata mara moja. Tia, unaruhusu?"

Aliomba ruhusa. Mbele ya watu. Haula alivimba kwa raha, akampungia mkono kama malkia anayefukuza nzi.

"Naruhusu."

Wakati huo huo mlango wa uani ukabamizwa. Hafsa akaja mbio peku, ushungi mabegani, akamshika Haula capulana kwa nyuma.

"Haula, sijamaliza kusema."

"Umemaliza."

"Nisikilize kwa sikio. Sikumtumia wimbo mmoja mmoja. Alichukua telefone yangu, akanyonya kila sauti iliyokuwemo. Hakuchagua." Alikuwa ananong'ona. "Zilikuwemo na za Desemba."

Haula hakugeuka. Lakini kile kidole alichokuwa nacho hewani kilishuka.

Nyie wanawake mmeshajua. Kwa wengine nitasema kinachosemeka. Desemba, shule zikifungwa, ndipo wasichana wanaingizwa unyagoni, wanafundwa mambo ya kike, na Haula ndiye somo wao mkuu. Nyimbo za mle ndani hazitoki. Mwanamume hajawahi kuzisikia, hata mume, hata mwana uliyemzaa mwenyewe. Tumeapa kila mmoja wetu siku ya kutoka, na anayezitoa tunamfanyaje, hilo nalo hatulisemi.

"Ulirekodi ndani?" Haula aliuliza, midomo haikutikisika.

"Nilikuwa nataka nisisahau."

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe. Na hicho kidude."

Haula akageuka, mkono mbele, kumwambia Abdurrazaque aache. Kijana alikuwa ameshainamia telefone, anazungumza nayo kwa sauti ya adabu.

"Malenga, nipe wimbo ambao haujawahi kuimbwa mlangoni kwa mtu yeyote."

Koluna ikakohoa. Ikaja ngoma, moja tu, taratibu, ikinguruma chini chini. Kisha sauti ya Hafsa, ile laini isiyo na mate, ikaingia.

Ulikuwa wa Desemba, maneno siyaandiki. Gazeti hili linasomwa na wanaume.

Bi Mwanaasha, ambaye alifundwa Mtwara na hajasahau, aliweka mkono mdomoni ukabaki pale. Bi Zainabo akashika nguzo ya baraza. Ndani, Alima, bibi harusi aliyekatazwa hata kukohoa, alisikika na kila mtu akisema, "Astaghfirullah."

Wanaume walikuwa wanatikisa vichwa. Wimbo mtamu. Mzee mmoja alimwambia mwenziwe kwamba huu sasa ndio wimbo, ile ya kwanza ilikuwa mchezo. Twalha alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu adhuhuri. Shehe mwenyewe, kidole chake kilikuwa kinapiga goti polepole, kinafuata ngoma.

Abdurrazaque akaongeza sauti.

"Huu hata mie sijawahi kuusikia," akasema, uso unang'aa. Kisha, kwa heshima yote aliyojifunza mchana ule, akamgeukia Haula mbele ya msafara wote.

"Tia, nisije nikakosea tena. Na huu nao ni wako?"